Aliyesimama Karibu na Friji

Ukitoka kwa kinyozi ukahesabu milango mitatu, utakuta ubao wa futi nane umelazwa juu ya matofali ya saruji, umeegemea ukuta wa ukumbi wa sinema. Hicho ndicho kijiwe chetu. Zamani kilikuwa kijiwe tu, tangu wiki iliyopita ni "Mkusanyiko wa Hiari Na. 14", kwa mujibu wa barua ya Kamati ya kukata filamu, yenye mihuri miwili, mmoja umegongwa kichwa chini. Ubaoni tunakaa wanne, na Shangazi wa kahawa yuko mbele yetu juu ya kigoda, jiko katikati ya miguu. Tulikuwa watano. Mwisho wa ubao, upande wa mfereji, pana nafasi ya mtu mmoja ambayo haikaliwi. Ukiuliza utaambiwa ubao umepasuka pale. Ni kweli umepasuka, lakini umepasuka kote. Na ukuta wa ukumbi ni mwembamba: kila siku, saa tisa na dakika arobaini na moja alasiri, kicheko kimoja kirefu hupenya kutoka ndani, nasi hunyamaza mpaka kiishe. Hata kama mtu yuko katikati ya uongo wake, anauacha uning'inie, anasubiri.

Siku ninayosimulia, kalamu ilikuwa kwangu. Wananiita Karani, kwa kuwa nilikaa masjala miaka kumi na tisa nikihamisha mafaili kutoka kabati lililojaa kwenda kabati lililojaa zaidi. Kwa hiyo fomu ilipoletwa kijiweni, ilinijia yenyewe, kama nzi anavyomjua mwenye kidonda.

"MAONI YA HADHIRA KUHUSU FILAMU YENYE UTATA," niliwasomea. "Mkusanyiko mmoja, jibu moja. Weka alama kwenye kisanduku kimoja tu." Visanduku vilikuwa viwili: NIMEBURUDIKA na NIMEKEREKA. Hapakuwa na kisanduku cha mtu aliyecheka kisha akajuta, ambaye kwa uchunguzi wangu ndiye mtazamaji wa kawaida. Chini yake: "Aliyekereka ataje dakika iliyomkera, ili ikatwe. Aliyeburudika ataje kilichomburudisha, kwa herufi kubwa." Na chini kabisa, kwa herufi ndogo za kupimia macho: "Fomu isiyojazwa itahesabiwa kuwa imekereka." Tarishi angeipitia saa kumi kamili.

Filamu yenyewe inaitwa *Suruali ya Meneja*. Meneja amepandishwa cheo, anawaalika wafanyakazi nyumbani kwake, wanakunywa, na kabla chupa ya tatu haijafunguliwa suruali yake imepotea. Muda wote uliobaki ni wa kuitafuta suruali hiyo, katika vyumba ambavyo haikupaswa kuwemo, chini ya watu ambao hawakupaswa kuwa pamoja.

— Andika nimekereka, alisema Sajenti. Alikuwa mlinzi wa ghala mpaka alipostaafu. Cheo tulimpa sisi, maana ghala halikumpa. — Tena bonyeza kalamu.

— Mimi nimeburudika, alisema Dokta, fundi simu anayepasua wagonjwa wake mchana kweupe. — Na nikikaa hapa nikaitwa nimekereka, nitakereka kweli.

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, Dokta. Leo suruali, kesho shati. Tangu filamu hii ianze, nimehesabu wanaume watatu mtaa huu wanaoanika suruali barazani, mbele za watu.

— Wanaanika kwa sababu wamezifua!

— Mbona zamani walikuwa hawafui?

Dokta alipiga funda la kahawa, akaingia kwa mlango mwingine.

— Sajenti, wewe umeangalia suruali, hukuangalia filamu. Ile ni filamu ya mafunzo. Meneja anaambiwa na mkewe asipande juu ya meza. Anapanda. Anaanguka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Watoto wa shule wangeonyeshwa.

— Waonyeshwe makalio ya meneja?

— Waonyeshwe guu.

— Guu linaanzia wapi, Dokta? Wewe si daktari?

Shangazi alicheka puani, akamwongezea Sajenti kahawa. Fundi Rangi, aliyekaa kati yangu na ile nafasi, alikuwa anakwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake, rangi ya kijani ya ofisi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuichagua lakini iko kila mahali.

— Nitawaambia siri, Dokta aliinama, na kijiwe chote kikainama naye. — Ile suruali haikupotea. Mfukoni mwake mna ufunguo wa kasha la ofisi. Wale wafanyakazi wote wanaoingia chumba hiki na kile, mnadhani wanafanya yale mnayoyaona? Wanatafuta ufunguo! Yale mengine ni ya kuzugia.

— Wanazugia vizuri, alisema Shangazi.

— Ndiyo maana wakubwa wamechukia. Wamejiona. Filamu zote chafu zilizopita pale ndani, hata moja haikuletewa fomu. Kwa nini hii?

— Kwa sababu kwenye hii meneja ana kipara, nilisema. — Masjala tulikuwa na mkuu wa idara aliyepiga marufuku kalenda yenye picha ya kipara kwa sababu hiyo hiyo.

— Karani umeongea. Sasa sikilizeni ya mwisho. Nani kaitengeneza filamu hii? Dokta alinyoosha kidole juu, kuelekea serikalini au kwenye nyaya za umeme. — Kamati yenyewe! Kamati ya kukata filamu isiyo na filamu ya kukata ni sawa na kinyozi katika mji wa vipara. Wataandika nini mwisho wa mwaka? Wakaona, akili ni nywele, wakatengeneza uchafu wao wenyewe ili wapate wa kukataza.

— Kwa hiyo wewe, alisema Sajenti polepole, kama mtu anayefunga geti, — umeburudika na kitu kilichotengenezwa na Kamati.

Dokta alifungua mdomo. Ilionekana hilo hakuwa amelifikia.

Nikachukua nafasi hiyo kuinua fomu. — Jamani, saa tisa na robo. Sajenti, ukisema umekereka lazima utaje dakika.

Hakuhitaji kufikiri. — Dakika ya arobaini hadi ya arobaini na tatu. Pale mezani.

Kijiwe kikapoa. Kahawa yenyewe ilikuwa ya moto bado.

Niseme waziwazi, kwa asiyejua. Dakika ya arobaini hadi ya arobaini na tatu, meneja yuko juu ya meza, hana suruali, anatoa hotuba ya shukrani. Nyuma yake, kushoto, pana friji. Na karibu na friji amesimama mwanamume mwembamba, shati lenye picha za kasuku, kikombe cha plastiki mkononi, mdomo wazi, anacheka mpaka machozi. Huyo ni Kimya, fundi makufuli. Ndiye mwenye nafasi ile mwisho wa ubao. Alikaa pale miaka kumi na moja, tupa mkononi, akichonga funguo za watu, na unga wa shaba bado umo kwenye ufa wa ubao, ukilowa unang'aa. Tulimzika miezi minane iliyopita.

Aliingiaje humo? Waliotengeneza filamu walikodi nyumba mtaa wa pili. Fundi Rangi alikuwa anaipaka, Kimya akaitwa kubadilisha kitasa. Watu wa kujaza sherehe walikuwa hawatoshi, wakaombwa wabaki wote wawili. Fundi Rangi alikatwa; ukikaza macho sana utaona kiwiko. Kimya akabaki, karibu na friji.

— Dakika hiyo haikatwi, alisema Dokta. Sauti yake haikuwa ya utani tena.

— Inakatwa.

— Sajenti, picha yake nyingine iko wapi? Ni ile ya kitambulisho tu, na pale anafanana na mtu anayetafutwa. Kwenye filamu anatembea. Anainua mkono. Anafuta machozi.

— Nyuma ya makalio! Sajenti aligonga ubao. — Yule mtu alikuwa na funguo za nyumba zote za mtaa huu kichwani mwake, na hakuna hata kijiko kilichopotea. Hata kijiko! Leo amesimama hatua moja kutoka kwenye makalio ya meneja, kila siku mara mbili, Jumapili mara tatu. Marehemu hajitetei. Hawezi kusogea pembeni. Ningekuwa ni mimi pale, ningetaka rafiki zangu wanitoe.

Mimi nilikuwa na Dokta mpaka hapo. Kuanzia hapo sikuwa na mtu.

— Baba, Shangazi alimwambia Sajenti, akipuliza jiko. — Umeiona mara ngapi?

— Mara tatu. Kwa ukaguzi.

— Mimi hapa nauona mlango. Umeingia mara saba.

— Basi saba. Ukaguzi haufanywi mara moja.

— Na kila ukiingia unatoka dakika ile ile, filamu haijafika nusu. Ukaguzi gani huo?

— Sehemu inayofuata yote ni uchafu.

— Na iliyotangulia je?

Sajenti aligeuza kikombe mkononi. Kina ua moja lililofutika, akaliangalia kama anasoma.

— Naenda kukisikia, alisema mwishowe. — Mnanichosha bure. Naenda kukisikia kicheko chake, kikiisha natoka. Miaka kumi na moja nimekaa na yule mtu, kicheko kile nakijua hata gizani.

— Hata mimi, alisema Dokta. — Kile cha kupanda ngazi. Ha, ha, ha, halafu kinakwama juu.

— Kinakwama, halafu kinashuka, nilisema. Mimi pia. Ndicho tulichokuwa tukinyamazia kila alasiri kupitia ukutani, ingawa hatukuwahi kuambiana.

Fundi Rangi aliweka kikombe chini.

— Si chake.

— Si chake nini?

— Kicheko. Kile si cha Kimya. Nilikuwepo jamani, nimekaa nalo hili tangu ilipoanza kuonyeshwa. Alisugua uso, kijani kikabaki shavuni. — Sisi wa nyuma tulikatazwa kutoa sauti. Meneja akiongea, sauti zetu zingeharibu maneno yake. Yule mwongozaji alisema, chekeni kwa mdomo na mabega, sauti tutaweka sisi. Tukacheka bila sauti kuanzia asubuhi mpaka saa kumi jioni, vikombe vina chai baridi. Ukikohoa unafokewa. Kile kicheko wamekitoa wanakokujua wao, wakamvalisha, kama lile shati la kasuku. Jioni alilirudisha.

— Unasema uongo, alisema Sajenti.

— Natamani.

Ndani ya ukuta watu walicheka jambo la dakika ya thelathini na kitu.

— Sasa wewe, Dokta alisema, — siku zote tunanyamaza hapa, tunasikiliza, na wewe umekaa kimya?

— Mlikuwa mnafurahi. Ningewaambia nini?

Hapo ndipo alipotokea msichana. Alikuwa anatoka upande wa mlango wa ukumbi, begi la safari begani, lebo ya basi bado imefungwa kwenye mshipi. Miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Alisimama mbele ya jiko la Shangazi, akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayelinganisha funguo.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, karibu kahawa, alisema Shangazi.

— Nimeambiwa hapa ndipo alipokuwa anakaa fundi makufuli.

Sote tukaangalia ile nafasi, naye akaiangalia.

— Mimi ni binti yake, alisema.

Tulijua alikuwa na binti. Kimya aliwahi kusema hivyo, mara moja, miaka mingi nyuma: yuko kwa mama yake, mbali, alihamishwa akiwa hajaanza kutembea. Kisha akaendelea kuchonga ufunguo. Kwa Kimya hiyo ilikuwa hotuba.

Sajenti alisimama. Sikuwahi kumwona akimsimamia mtu. Akapangusa ule mwisho wa ubao kwa kiganja, unga wa shaba ukamshika mkononi.

— Kaa, mwanangu. Ni pa baba yako.

Alikaa. Kwa miezi minane palikuwa pamepasuka, lakini ubao haukulia.

— Pole sana, alisema Fundi Rangi.

— Nimeshapoa. Sikumjua, ukweli. Nina picha zake mbili, zote amesimama mbele ya mlango. Rafiki yangu ndiye aliyeniambia, kuna mtu kwenye filamu mmefanana naye macho. Ile filamu kwetu haijafika. Nikapanda basi. Nimeiona ya saa sita mchana.

— Yote? aliuliza Sajenti, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa kwa niaba ya mwingine.

— Yote. Sikujua anatokea wapi, nikaogopa kutoka mapema. Alitabasamu kidogo, akaliacha. — Watu walikuwa wamegawanyika mle ndani. Mama mmoja aliondoka akimburuta mumewe, mume anatembea kinyumenyume ili aone mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa natazama friji. Nilitaka kuwauliza. Kile kicheko ni chake?

Nilimwona Dokta akijiandaa kusema ndiyo. Lingekuwa jambo jepesi na la huruma, na nusu saa kabla lingekuwa kweli. Lakini Sajenti alikuwa mlinzi, na mlinzi akiulizwa ghalani mna nini hasemi kisichokuwemo.

— Si chake, mwanangu. Walimwekea. Hawakuruhusiwa kutoa sauti. Fundi Rangi huyu alikuwa naye siku ile.

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyepewa jibu alilolishuku.

— Chake kilikuwaje?

Swali dogo. Ningeapa kila mmoja wetu alikuwa na jibu, mpaka alipolitafuta.

— Kilikuwa, alianza Dokta. — Kilikuwa hivi. Akafungua mdomo, akavuta pumzi. Kilichotoka kilikuwa ha, ha, ha ya kupanda ngazi. Alijisikia mwenyewe, akafunga mdomo.

— Hicho ni cha ukutani, alisema Fundi Rangi.

— Nakumbuka! alisema Sajenti. — Alikuwa anainama hivi, anaweka tupa chini, mabega yanatikisika, mkono mdomoni. Pale Dokta alipomfungulia mteja simu ikatoka mende. Alicheka siku ile mpaka akashika ukuta.

Shangazi alikuwa anakoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

— Baba, siku ile hakucheka. Alikuwa anakohoa. Ilikuwa mwezi wa mwisho. Nilimpa maji mimi.

Sajenti alibaki na mabega yake yameinama vile vile, kama alivyokuwa anayaonyesha.

Mimi nikajaribu. Nimehifadhi kumbukumbu za watu miaka kumi na tisa. Nikapitia kabati moja moja. Nikapata Kimya akisikiliza, Kimya akitikisa kichwa, Kimya akisema "kesho" kwa mteja. Nikapata vichekesho vyetu vyote tulivyovisema tukimkodolea macho, na kila mara mimi ndiye niliyekuwa nacheka kwa nguvu, sikuweza kusikia zaidi ya hapo. Nikatazama jalada la mwisho. Tupu.

— Fundi Rangi, alisema msichana, — wewe ulikuwa naye siku ile. Alikuwa anacheka kweli, au anaigiza?

— Mimi nilikuwa nimempa mgongo, mwanangu. Kiwiko changu tu ndicho kilichokuwa upande wake.

Ndipo ukuta ukacheka. Saa tisa na dakika arobaini na moja. Ha, ha, ha, kikapanda, kikakwama, kikashuka. Tulinyamaza kama kawaida, lakini nadhani kwa mara ya kwanza tulikuwa tunakisikia. Kicheko cha mtu mnene. Cha mtu mwenye meno yote, aliyelipwa, na ambaye hajawahi kuchonga ufunguo. Msichana aliweka kiganja ukutani mpaka kikaisha.

Tarishi alifika saa kumi kasorobo, kwa kuwa siku ambayo serikali inawahi ni siku ile usiyoitaka. Aliegemeza baiskeli, akatoa bahasha.

— Mkusanyiko namba kumi na nne. Mmeburudika au mmekereka?

Fomu ilikuwa magotini pangu, visanduku vitupu. Wanne wazima, wenye nadharia ya kila kitu kuanzia suruali mpaka Kamati.

— Isiyojazwa ni imekereka, alisema tarishi, bila ubaya. — Imeandikwa hapo chini. Mimi sina neno, nina vijiwe viwili mbele.

Akanyoosha mkono. Sajenti akauwahi. Alinichukulia fomu na kalamu, akaiweka juu ya goti. Vidole vyake vilikuwa na shaba. Akaweka alama, polepole, kama mtu anayesaini kuwa yeye ndiye aliyeacha geti wazi. Nilichungulia. NIMEBURUDIKA. Penye "taja kilichokuburudisha" aliandika kwa herufi kubwa, kama ilivyoagizwa: ALIYESIMAMA KARIBU NA FRIJI.

Tarishi alisoma, akakunja uso.

— Nyie ndio wa kwanza. Kumi na tatu nilizokusanya zote zimekereka. Dakika ile ile ya mezani.

— Sasa itakuwaje? aliuliza Dokta.

— Kamati inakaa Ijumaa. Mimi nabeba tu, kaka.

Akaiingiza kwenye bahasha pamoja na zile kumi na tatu, akapanda baiskeli, akaenda.

Msichana alikuwa anapitisha kidole kwenye ufa wa ubao. Akakiinua, akakiangalia kinavyong'aa, akatuangalia. Hakurudia swali lake. Alikuwa anangoja tu, kwa adabu, kama mteja aliyeambiwa akae kidogo fundi anakuja.

Fundi Rangi akakohoa. Dokta akatazama viatu. Mimi nikafunika kalamu.

Sajenti alinyoosha kikombe chake kwa Shangazi bila kumtazama. Shangazi akamtazama msichana, akasema kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke.